Hati Inamtaja Mwenye Shamba, Haionyeshi Mpaka Ulipo

Siku hizi mtu hahitaji mpima ardhi ili aanze ugomvi na jirani. Anapakua programu ya kupimia kwenye simu, anazunguka shamba lake akifuata ua, na mwisho wa mzunguko kioo kinamwambia ana ekari 1.8. Hati iliyo kabatini inasema hekta 0.81, ambazo ni ekari mbili. Kabla ya giza kuingia ameshaamua ni nani kamla ile tofauti, na mara nyingi ni yule jirani ambaye ua wake unaonekana kunenepa upande huu. Wiki inayofuata yuko mjini kwa wakili, hati ndani ya bahasha na simu mkononi kama shahidi.

Imani hii, kwamba namba za kompyuta zinajua mpaka ulipo, ina chanzo. Tangu serikali ya Kenya ilipozindua mfumo wa Ardhisasa, wa kuweka kumbukumbu za ardhi kwenye kompyuta, mnamo Aprili 2021, ukaanzia Nairobi kabla ya kupelekwa kaunti nyingine, tumezoea kusikia kwamba karatasi zikishaingia kwenye kompyuta migogoro ya ardhi itakwisha. Kuhusu faili zinazopotea, hati mbili kwa shamba moja, na mtu kuzungushwa wiki nzima ili tu ajue shamba limeandikishwa kwa jina la nani, nakubali kwamba kompyuta inaweza kusaidia sana. Kuhusu mpaka kati ya majirani wawili wa mashambani, nasema tunajidanganya. Mfumo wa kidijitali unaweza kutuambia shamba ni la nani. Hauwezi kutuambia mstari unapita wapi, kwa sababu katika sehemu kubwa ya mashamba yetu mstari huo haukuwahi kupimwa kwa usahihi, na sheria yenyewe inakiri hivyo. Ushahidi wa mpaka uko ardhini na katika kumbukumbu za watu. Tusipoutunza huko, hakuna kompyuta itakayouunda upya.

Anza na hati yenyewe. Atakayeitoa hatimiliki ya shamba la nyumbani na kuisoma kwa makini atakuta kwamba ukubwa ulioandikwa umetajwa wazi kuwa ni wa kukadiria, na kando yake ipo namba ya ramani ya usajili. Wengi wetu tumeishi na hati hizo miaka arobaini bila kulitilia maanani neno hilo la makadirio. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema jambo hilohilo kwa upana zaidi: isipokuwa pale daftari la usajili linapoonyesha kwamba mipaka ya shamba imepimwa na kuthibitishwa, ramani itachukuliwa kuwa inaonyesha mipaka na mahali pa shamba kwa kukadiria tu. Hii haikuletwa na sheria ya 2012. Ilikuwamo katika Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, ile iliyotawala mashamba mengi ya wenyeji kwa takriban nusu karne. Mpaka wa aina hii huitwa mpaka wa jumla. Maana yake ni kwamba mpaka halisi ni kitu unachokiona shambani, yaani ua, mtaro, njia, safu ya mikonge, na kazi ya ramani ni kukusaidia kulitambua shamba hilo kati ya mengine.

Kwa nini ikawa hivyo? Mpango wa Swynnerton, ule wa kikoloni wa mageuzi ya kilimo na ardhi, ulipoanza mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau, serikali ya kikoloni ilitaka vipande vilivyotawanyika vya mashamba ya Mkoa wa Kati viunganishwe na visajiliwe haraka. Kupima kila pembe kwa vyombo na kuzika mawe kungechukua miaka mingi na fedha nyingi. Basi ikachaguliwa njia ya mkato. Baadaye, kazi hiyo ilipopelekwa Nyanza, Magharibi, Mashariki na Pwani, hasa chini ya Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya 1968, ramani nyingi zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege, zikakuzwa, na mistari ikachorwa juu ya ua uliokuwa ukionekana. Mara nyingi picha hizo hazikusahihishwa upotovu unaoletwa na miinuko na mabonde. Kilele cha kilima, kwa kuwa kiko karibu zaidi na kamera, huonekana kikubwa kuliko kilivyo, na bonde huonekana dogo. Wenye mashamba walihimizwa wapande ua kwenye mipaka ili ndege ikirudi uonekane vizuri na ramani zirekebishwe. Mahali pengi kazi hiyo ya pili haikukamilika, na ramani iliyokusudiwa kuwa ya muda ndiyo tuliyo nayo hadi leo.

Hesabu yake si ngumu. Ramani nyingi za mashamba zilichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500 au 1 kwa 5,000. Kwenye ile ya kwanza, mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25 za ardhi. Kwenye ya pili unafunika mita mbili na nusu. Ukiwa na mpaka wenye urefu wa mita 100, wino peke yake umelalia mita 250 za mraba, zaidi ya nusu ya ile ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo watu wanaiuzia ng'ombe na mbuzi ili wainunue. Hapo sijataja upotovu wa picha wala mkono wa aliyechora. Sasa ichukue ramani hiyo, ipitishe kwenye mashine, iingize kwenye mfumo wa kisasa wenye rangi na namba. Ukiukuza mstari kwenye kioo, unakuza na kosa lake. Kilichoongezeka ni sura ya uhakika, na sura hiyo ni ya hatari kwa sababu inamfanya mtu aamini kwamba ua wa babu ndio uliokosea na kompyuta ndiyo iliyo sahihi.

Haki itendeke kwa upande wa pili: si ardhi yote ya Kenya iko hivi. Mashamba ya walowezi, viwanja vya Nairobi na Mombasa, na sehemu kubwa ya ardhi iliyosajiliwa chini ya sheria za mwanzo wa karne iliyopita, ikiwemo ile ya 1908 iliyohusu ukanda wa Pwani, yalipimwa kwa vyombo, pembe zake zikawekwa bikoni, yaani alama za kudumu za mpaka, na vipimo vyake vikawekwa kwenye ramani za hati. Huko, mpima ardhi mwenye leseni anaweza kurudi baada ya miaka 60 na kuonyesha bikoni ilikuwa wapi hata kama imeng'olewa. Kwa hiyo anayeishi kwenye kiwanja kama hicho akisema namba zitamaliza ubishi, kwake ni kweli. Tatizo linaanza tunapoichukua kanuni ya Nairobi na kuihamishia Kisii, Vihiga au Murang'a kana kwamba nchi nzima ilipimwa kwa kamba moja.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi, ni hii ya kujumlisha hekta: hati yangu inasema kiasi fulani, nikipima napata pungufu, kwa hiyo jirani ameniibia. Ina makosa matatu. La kwanza nimeshalitaja: hati haikuahidi kiasi kamili. La pili ni chombo. Simu ya kawaida, mahali pa wazi, inaweza kukosea kwa mita tatu hadi tano, na chini ya migomba au kando ya ukuta hukosea zaidi. Ploti ya futi 50 ina upana wa mita 15 na kidogo, kwa hiyo kosa la mita tano ni theluthi ya upana wote. La tatu ni mteremko. Ukubwa wa ardhi kwenye ramani huhesabiwa kana kwamba ardhi ni tambarare. Anayeburuta utepe kwenye mteremko wa nyuzi 20 na kupata mita 100 amepima mita 94 za ramani, kwa hiyo utepe utamwambia ana shamba kubwa na hati itamwambia ana dogo, bila mtu yeyote kusogeza chochote. Na hata hekta zikipungua kweli, upungufu hauna jina la mtu. Huenda ni barabara iliyopanuliwa, mto uliokula ukingo, au mchoraji wa mwaka 1967. Shamba lina majirani wanne, na yule anayeshtakiwa mara nyingi ni yule ambaye tayari tulikuwa na neno naye.

Ndipo tunapofika mahakamani, na hapo kuna kutoelewana kwingine kunakoumiza watu mifuko. Kifungu hichohicho cha 18 kinaizuia mahakama kusikiliza shauri linalohusu mipaka ya ardhi iliyosajiliwa mpaka kwanza mipaka hiyo iamuliwe kwa utaratibu uliowekwa, yaani na Msajili wa Ardhi, kwa maombi ya yeyote anayehusika na kwa ushahidi ambao msajili anaona unafaa. Watu wanaiona hii kama kufungiwa mlango wa haki. Mtu amemlipa wakili, amesubiri, amesafiri mara kadhaa, kisha jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi anasema shauri limeletwa mahali pasipo pake. Hasira yake naielewa kabisa. Lakini sheria iko sahihi. Hakimu aliyeketi mjini na ramani ya kukadiria mbele yake hana namna ya kujua ua ulikuwa wapi. Msajili, akiandamana na mpima ardhi, anapaswa kwenda shambani, kuwaita majirani wa pande zote, kusikiliza waliokuwepo, kuangalia mashina ya miti na mitaro ya zamani, kisha kuonyesha mstari na kuuandika. Asiyeridhika baada ya hapo anaweza kwenda mahakamani, akiwa sasa na kitu cha kubishania.

Baadhi ya mawakili hujaribu kuikwepa njia hii kwa kubadilisha jina la kesi. Badala ya kusema ni ugomvi wa mpaka, wanasema jirani amevamia ardhi. Ni kweli kwamba uvamizi, ulaghai wa hati au swali la nani mmiliki ni mambo ambayo mahakama inaweza kuyasikiliza moja kwa moja. Lakini majaji huangalia kiini cha malalamiko, na kama jibu la swali la uvamizi linategemea kwanza kujua mstari uko wapi, kesi hurudi palepale. Mteja ndiye anayelipia mzunguko huo. Wakili anayejua hili na bado akapokea ada ya kufungua kesi ya namna hiyo amemkosea mteja wake.

Lililo baya ni kwamba ofisi iliyopewa kazi hii haikupewa uwezo wa kuifanya. Msajili mmoja anashughulikia mauzo, mirathi, rehani na malalamiko ya eneo zima. Ziara ya shambani inahitaji gari, mafuta, mpima ardhi ambaye naye ana foleni yake, na siku ambayo pande zote zitafika. Upande mmoja ukikosa, siku inasogezwa. Wenye shida huishia kuchangia gharama za safari hiyo, na yule ambaye hana cha kuchangia hubaki akisubiri. Fedha za kuweka kompyuta zimepatikana, na sipingi. Ninachosema ni kwamba kwa mkulima mwenye ugomvi wa ua, gari moja la ofisi ya msajili lenye mafuta lina faida kuliko kioo chochote.

Wapo wanaosema: kama ramani ni za kukadiria, basi tuzifute, tupime nchi nzima upya kwa vyombo vya setilaiti vinavyokosea kwa sentimita mbili tatu tu, na tuweke bikoni kila pembe. Hii ni hoja nzito na nimeifikiria sana. Vyombo vipo, gharama zake zimeshuka, na mpaka uliopimwa una faida kubwa pale ardhi inapokuwa ghali. Lakini chombo hupima mahali ulipokiweka. Hakijui pa kuwekwa. Kabla hujapima pembe kwa usahihi wa sentimita mbili, lazima mtu aamue pembe ni ipi, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Uingereza, ambako wazo la mpaka wa jumla lilitoka, ilijaribu njia hiyo ya kupima kwa usahihi. Sheria yao ya usajili ya 1862 ilidai mipaka iliyothibitishwa, ikalazimu majirani waitwe, na matokeo yake majirani walioishi kwa amani wakaanza kubishana juu ya vipande ambavyo hakuna aliyekuwa akivijali. Sheria hiyo haikufaulu, na mwaka 1875 wakarudi kwenye mpaka wa jumla. Sisi wenye familia zinazogawana robo ekari, na kumbukumbu za watu waliorudi kutoka kizuizini wakati wa Hali ya Hatari wakakuta mashamba yameshagawanywa wao wakiwa hawapo, tukiamsha kila mpaka kwa siku moja tutaamsha mengi kuliko Waingereza.

Upande mwingine wapo wanaosema turudi kwa wazee. Katiba ya 2010 inawapa nguvu: ibara ya 60 inahimiza jamii kusuluhisha migogoro ya ardhi kwa njia za kienyeji zinazotambulika, na ibara ya 159 inazitaja njia za jadi miongoni mwa njia za kutafuta haki. Nami naamini kwamba hakuna anayejua mpaka kuliko mtu aliyelima kando yake. Mababu walijua kuuandika bila wino. Wakikuyu walipanda maua ya itoka, ambayo kiazi chake hubaki ardhini hata majani yakikatwa. Ng'ambo ya Taveta, Wachaga wa Kilimanjaro walipanda masale, na kung'oa sale la mpaka lilikuwa jambo zito. Pwani na bara mnyaa umefanya kazi hiyo hadi leo, kwa sababu mbuzi haugusi na utomvu wake unamfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kuukata.

Lakini tulishawapa wazee mamlaka kamili, na tukaona. Sheria ya Mabaraza ya Migogoro ya Ardhi ya 1990 iliwakabidhi wazee uamuzi wa mipaka na ugawaji wa mashamba. Mabaraza mengi hayakuishia kwenye mpaka. Yaliamua nani apewe shamba, yakaagiza hati za watu zifutwe, na Mahakama Kuu ikatengua maamuzi mengi kwa sababu yalivuka mipaka ya kazi yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2011, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoanzishwa. Tanzania nayo ilipita njia inayofanana: mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na mabaraza ya ardhi ya kata, ambayo yalikuwa yakiamua kesi, yakabakishiwa usuluhishi peke yake ndani ya siku 30. Naona nchi zote mbili zimefika mahali pamoja. Mzee ni shahidi bora na msuluhishi mzuri. Akifanywa hakimu, undugu na ukoo vinaingia.

Na anayeumia zaidi ni mjane. Hili sikulisoma kwenye sheria, nimeliona. Mume akishazikwa, ua huanza kutembea. Hautembei kwa kishindo. Msimu mmoja jirani analima na kukata mizizi ya upande wa kwake, msimu unaofuata anapanda nepia pale palipokuwa na mkonge, na baada ya misimu mitano njia ya mjane kwenda kisimani imekuwa ndani ya shamba la mtu mwingine. Akilalamika, wazee wanaoitwa ni rafiki za yule jirani, na wanamuuliza yeye aliolewa lini mpaka ajue mipaka ya hapa. Wakati huohuo saa ya sheria inahesabu. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, aliyeikalia ardhi ya mwenzake hadharani, mfululizo na bila ruhusa kwa miaka 12 anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki, na haki hiyo inaweza kuishinda hati. Kanuni hii ina maana yake, inalinda watu waliojenga maisha mahali palipoachwa. Kwa mjane anayenyamaza ili apate amani na jirani, kila mwaka wa kunyamaza ni mwaka unaohesabiwa dhidi yake. Kuvunja au kuondoa alama ya mpaka ni kosa la jinai, linaweza kumpeleka mtu jela, na sheria inamtaka kila mwenye ardhi atunze alama zake. Chifu na naibu wake wanapaswa kulitamka hili katika kila baraza, kwa sauti ileile wanayotumia kuzungumzia pombe haramu.

Ukiniuliza nguvu za upimaji ziwekwe wapi, nitakupeleka kwenye ugawaji. Mpaka wa zamani kati ya koo mbili, wenye ua wa miaka 50, una mashahidi wengi na hauna haraka. Lakini shamba la ekari mbili likigawanywa kwa watoto watano, au likikatwa ploti nane za kuuzwa, mipaka mipya inazaliwa siku moja bila ua, bila mti, bila kumbukumbu ya mtu. Michoro ya ugawaji, ile fomu ambayo watu wa ofisi ya ardhi huiita mutesheni, imekuwa ikifanywa mara nyingi kwa utepe na vigingi vya mbao, ikipachikwa juu ya ramani ambayo tayari ni ya kukadiria. Kosa la mita mbili ambalo halikumdhuru mtu kwenye ekari mbili linakuwa msingi wa nyumba ya mtu kwenye ploti ya futi 50. Mnunuzi anaonyeshwa bikoni siku ya kutembelea ploti. Akirudi baada ya miezi sita kujenga, bikoni imehama au imezikwa na trekta, na muuzaji hapatikani kwa simu. Hapa ndipo vyombo vya setilaiti vinapofaa, na hapa ndipo ningetaka sheria iwe kali: ardhi ikigawanywa, ikiuzwa kwa sehemu au ikirithiwa, mipaka yake mipya ipimwe na kuthibitishwa kabla ya hati mpya kutoka, majirani wote wakiwa wameitwa kwa maandishi. Nchi ingepimwa polepole, kipande kwa kipande, kwa wakati ambao watu wako tayari kuzungumza na fedha ziko mezani.

Kwa mipaka ya zamani dawa ni ya bei nafuu, na sheria imeiruhusu muda wote. Majirani wanaweza kuutembea mpaka wao pamoja, kukubaliana, na kuomba msajili authibitishe na kuuandika kwenye daftari. Kinachokosekana ni njia nyepesi. Leo, makubaliano ya amani yanapita foleni ileile ya ugomvi, na kwa kuwa hakuna anayepiga kelele, yanawekwa chini ya rundo. Kama Ardhisasa ina nafasi ya kupakia picha ya hati, ingekuwa pia na nafasi ya kupakia makubaliano ya mpaka: picha za alama, majina ya waliokuwepo, sahihi za pande zote, muhuri wa naibu wa chifu, yakisubiri msajili ayapitie. Hayatakuwa uamuzi. Yatakuwa ushahidi uliohifadhiwa kabla wenye kumbukumbu hawajaondoka, na msajili atakayekuja baada ya miaka 20 atakuwa na pa kuanzia. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wahenga, na anayeishi mashambani anajua maana yake usiku mtoto anapougua: anayeitwa kwanza ni huyu wa ng'ambo ya ua, ndiye mwenye pikipiki. Kesi ya mpaka inayodumu miaka minane humwondoa mtu huyo maishani mwako, hata ukishinda.

Miaka mitatu iliyopita baba yangu mdogo aliitwa mwizi wa ardhi na kijana wa jirani aliyekuwa amepima kwa simu. Kijana alisema wamepoteza ukanda wa mita tisa. Wakili alikuwa ameshatafutwa. Kabla barua haijaandikwa, wazee wa pande zote mbili walikubali kuutembea mpaka, na aliyeufungua mjadala hakuwa mzee yeyote wa kiume. Alikuwa nyanya yake yule kijana, ambaye mwaka 1971 aliupanda mkonge pale akiwa bado bibi harusi. Alitembea na fimbo hadi chini ya mteremko, akasimama hatua mbili ndani ya shamba letu, akasema, "Chimbeni hapa, wajukuu zangu." Tukachimba. Kwenye kina cha goti tulikuta kisiki kikavu cha mkonge, na hatua sita mbele yake kingine, halafu kingine. Ua wetu ulikuwa umehama kweli, hatua mbili upande mmoja wa chini, na juu haukuwa umehama hata kidogo. Zile mita tisa hazikuwepo. Baba mdogo hakubisha. Alirudisha zile hatua mbili siku hiyohiyo, wakapanda mkonge mpya juu ya visiki, wakaandika karatasi, naibu wa chifu akagonga muhuri.

Karatasi hiyo ilipelekwa ofisi ya ardhi pamoja na maombi, na nakala iko kwenye droo ya baba mdogo chini ya risiti za chai. Bado hakuna aliyekuja. Nyanya alizikwa Machi mwaka jana, hatua chache kutoka kwenye mkonge wake, na kwenye ramani mpaka ungali ule uliochorwa kabla hajaolewa.